Shingo Huulizwa Vidoleni

Mgonjwa wa shingo siku hizi hufika na bahasha ya picha kwapani kabla hajaguswa na mtu yeyote. Ripoti ya MRI, ile picha ya sumaku, inasema diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, imetokeza kati ya pingili ya tano na ya sita, nafasi imebana, kuna vimiba vya mfupa, shingo imenyooka kuliko kawaida. Ameisoma yote, usiku hakulala, na swali lake la kwanza ni kama atapooza. Lakini hakuna aliyemwambia akunje na kukunjua vidole, wala aliyemtazama akitembea.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha picha za MRI za watu 1,211 ambao shingo zao hazikuwa na tatizo lolote. Karibu asilimia 88 walikutwa na diski iliyotokeza, na hata vijana wa miaka ya ishirini wengi wao walikuwa nayo. Kwa hiyo ripoti inayosema "diski imetokeza" haijasema bado ni nini kinachouma. Picha ina kazi yake, tutaifikia. Ila habari nyingi za shingo husomwa mbali na shingo yenyewe: vidoleni, kiwikoni, kwenye mwendo, hata kwenye kandambili.

Pingili saba, mishipa minane

Shingo ina pingili saba, lakini jozi za mishipa ya fahamu zinazotoka hapo ni nane. Mshipa wa kwanza hadi wa saba kila mmoja hutokea juu ya pingili yenye namba yake. Wa nane hutokea chini ya pingili ya saba. Ndiyo maana diski iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita hubana mshipa wa sita, na iliyo kati ya ya sita na ya saba hubana mshipa wa saba. Anayesoma ripoti bila kulijua hili humtafuta mwizi nyumba ya jirani.

Pingili mbili za juu hazifanani na zingine. Ya kwanza ni pete, ya pili ina kijino kinachosimama ndani ya pete hiyo, na karibu nusu ya kazi ya kugeuza kichwa kushoto na kulia hufanyika hapo tu. Ndani ya mfereji wa pingili zote unapita ugwe wa mgongo, ule uzi mnene wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo.

Matatizo basi yana makao matatu. Yakiwa kwenye misuli, kano na vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili, maumivu hubaki shingoni, kisogoni na juu ya mabega. Hawa ndio wagonjwa walio wengi kuliko wote. Yakiwa kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu, maumivu hushuka mkononi kwa njia ambayo mgonjwa anaweza kuichora kwa kalamu. Ugwe wenyewe ukibanwa, huenda kusiwe na maumivu kabisa, na huyu asiyeumwa ndiye anayechelewa kuliko wote, kwa sababu hakuna kinachomsukuma kwenda kuonwa.

Yasiyongoja

Kabla ya kugusa shingo kuna maswali ya kuuliza, na jibu la baadhi yake ni kumpeleka mtu hospitali saa hiyo hiyo. Homa, kichwa kuuma sana na shingo inayogoma kuinama mbele: hiyo ni homa ya uti wa mgongo mpaka vipimo vikatae. Taya linalokaza pamoja na shingo siku kadhaa baada ya jeraha, hata la msumari, ni pepopunda. Hakuna cha kuchua hapo, wala cha kukanda kwa maji moto.

Maumivu ya shingo na taya yanayokuja mtu akipanda ngazi na kutulia akipumzika, hasa akitokwa na jasho jembamba, ni ya moyo. Maumivu yanayowaka upande mmoja wa shingo au bega bila sababu yasubirishwe siku mbili tatu huku ngozi ikiangaliwa; malengelenge yakitokea kwa mstari, ni mkanda wa jeshi, na dawa zake hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee.

Kifua kikuu cha mifupa kinastahili aya yake, maana kwetu bado kipo. Kwenye shingo si cha kawaida kama kilivyo mgongoni, lakini kikikaa hapo ugwe uko karibu sana. Mgonjwa huwa na maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, yasiyopungua hata amelala, homa za jioni, jasho la usiku, uzito unashuka. Anaweza kuanza kumeza kwa shida, kwa sababu usaha umejikusanya mbele ya pingili, nyuma ya koo. Wengi hawakohoi kabisa, hivyo kupima makohozi pekee hakutoshi. Kwenye picha, TB hupenda kula pingili mbili zinazopakana pamoja na diski iliyo katikati yake. Saratani iliyosambaa mara nyingi hula pingili na kuiacha diski. Dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, Tanzania na Kenya pia. Kinachowagharimu wagonjwa ni miezi waliyopoteza wakichomwa sindano za maumivu, na mbaya zaidi sindano za deksamethasoni, ambazo huleta nafuu ya siku chache huku zikiuficha ugonjwa.

Na aliyeanguka? Wakanada walitunga mwaka 2001 kanuni inayotumika dunia nzima kuamua nani apigwe picha. Inamhusu mtu mzima aliye na fahamu timamu. Picha ni lazima kama ana miaka 65 au zaidi, kama anahisi ganzi au kuchomachoma mikononi au miguuni, au kama ajali ilikuwa ya hatari: kuanguka kutoka kimo cha mita moja na kuendelea, kutua kwa utosi, gari kupinduka au kwenda kasi sana, kurushwa nje ya gari, kugongwa akiwa kwenye pikipiki au baiskeli. Kwa lugha ya mtaani, abiria wa bodaboda na mkwezi wa mnazi wote wamo. Vivyo hivyo mtu aliyejikwaa akiwa na mzigo kichwani, kwa sababu uzito wote hushukia utosini. Asiyekuwa na hayo, na ambaye hali yake inaruhusu kupimwa, kwa mfano anaweza kukaa au ametembea tangu ajali, huombwa ageuze shingo mwenyewe digrii 45 kila upande. Akiweza, picha haihitajiki.

Mkono unasemaje

Tuseme hayo yote hayapo. Mwambie mgonjwa aonyeshe kwa kidole kimoja maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Akifunika bega lote kwa kiganja, bado hatujui. Akifuata mstari mpaka kwenye kidole fulani, ameshasema nusu ya jibu.

Mshipa wa tano hauna kidole. Maumivu yake hukaa juu ya bega, na mtu hushindwa kuinua mkono kwa pembeni. Wengi hutibiwa bega miezi. Wa sita hushuka upande wa nje wa kigasha hadi kidole gumba na cha shahada. Udhaifu huonekana katika kukunja kiwiko na kunyanyua kiganja kwa juu. Wa saba, ambao ndio unaobanwa mara nyingi kuliko yote, hupita nyuma ya mkono hadi kidole cha kati, mara nyingi pamoja na maumivu makali kando ya bapa la bega, na mtu hushindwa kusukuma: mlango, au kujiinua kutoka kwenye kiti kwa mikono. Wa nane huenda kidole cha pete na cha mwisho, na mshiko hulegea.

Kupima nguvu za mshipa wa saba kuna mtego. Ukimwambia mgonjwa anyooshe mkono kabisa kisha ujaribu kuukunja, kiwiko kilichofungwa kitakudanganya, kwani mifupa imejifunga na msuli dhaifu unapita mtihani. Anza na kiwiko kilichokunjwa karibu digrii 90 na umwambie asukume dhidi ya kiganja chako. Linganisha na mkono wa pili. Kisha gonga kwa nyundo kano iliyo juu tu ya kiwiko kwa nyuma. Upande unaoumwa mkono ukibaki kimya na wa pili ukaruka, umeshapata ushahidi usiotegemea maneno ya mgonjwa.

Vipo vipimo vinne vya mkono mtupu ambavyo utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliviweka pamoja. Cha kwanza ni cha Spurling, aliyekieleza mwaka 1944: mgonjwa amekaa, shingo inalazwa upande unaouma, kisha utosi unakandamizwa kwa upole, kama uzito wa kilo 7. Maumivu yakishuka mkononi, kimejibu. Yakibaki shingoni, hakijajibu, na hapa ndipo wengi hukosea. Cha pili ni kinyume chake: mgonjwa amelala chali, kichwa kinavutwa polepole kwa kukishika kisogoni na chini ya kidevu, na maumivu yanapungua. Cha tatu, hawezi kugeuza shingo kufikia digrii 60 kuelekea upande unaouma. Cha nne ni kuunyoosha mshipa wenyewe: bega linazuiwa lisipande, mkono unapelekwa pembeni, kiganja kinatazama juu na kurudishwa nyuma, kiwiko kinanyooshwa taratibu, shingo inalazwa upande wa pili. Vyote vinne vikijibu, uwezekano kwamba mzizi wa mshipa umebanwa hufikia kama asilimia 90. Hicho cha nne kisipojibu kabisa, tafuta sababu nyingine.

Wagonjwa wenyewe huwa na kipimo chao wasichokijua kuwa ni kipimo: hukaa wameweka kiganja cha mkono unaouma juu ya kichwa. Mkao huo hulegeza mshipa. Mwenye ugonjwa wa bega hawezi kukaa hivyo, ataumia zaidi.

Vinavyofanana na shingo ni vingi. Ganzi inayomwamsha mtu usiku, akakung'uta kiganja ikapungua, ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, si shingoni. Ganzi ya kidole cha mwisho pamoja na nusu tu ya kidole cha pete, iliyogawanyika katikati kama imepigwa rula, mara nyingi chanzo chake ni kiwikoni. Mgonjwa wa kisukari ambaye bega lake halizunguki hata ukimsaidia ana bega lililoganda. Na ganzi iliyoanzia nyayo zote mbili ikapanda ni habari ya sukari, pombe au upungufu wa vitamini B12.

Yule asiyeumwa

Sasa kwenye ugwe. Maswali yake yanaonekana ya kijinga, na ndiyo maana hayaulizwi. Unafunga vifungo vya shati kama zamani? Ufunguo unaingia kwenye kufuli mara ya kwanza? Ukichambua mchele unaokota kokoto, au vidole vinapapasa? Sarafu mfukoni unazitambua bila kuzitazama? Kandambili huwa inakuvuka mguuni ukaendelea kutembea bila kujua? Mtu wa miaka 55 akikiri shida katika mawili kati ya hayo, kisha akasema "ni uzee tu", huo si uzee. Haja ndogo inayokimbiza nayo imo, ingawa kwa wanaume tezi dume ndiyo hushutumiwa kwanza.

Mwambie anyooshe mikono, viganja vikitazama chini, akunje ngumi na kuikunjua kikamilifu kwa kasi kwa sekunde 10. Mtu mzima asiye na tatizo hufikisha mara 20 au zaidi. Mwenye ugwe uliobanwa huishia 12, 15, na vidole vya mwisho huchelewa kunyooka. Ukitazama kwa makini utaona kifundo cha mkono kinainama kila anapojaribu kukunjua, kana kwamba kinavisaidia vidole.

Kisha kipimo cha Hoffmann. Shika kidole chake cha kati kwenye pingili ya katikati, mkono wake ukiwa umelegea kabisa, halafu kwa kidole gumba chako bana ncha ya ukucha kuelekea chini na uiachie ghafla, kama mtu anayerusha punje ya mahindi. Kidole gumba chake kikijikunja chenyewe, kimejibu. Jaribu mikono yote miwili: wapo watu wazima wenye afya ambao hujibu pande zote mbili tangu zamani, hivyo kipimo hiki hakisimami peke yake.

Gonga kwa nyundo upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kawaida kiwiko hujikunja kidogo. Vidole vikijikunja badala ya kiwiko, ugwe una shida. Kwaruza unyayo: kidole gumba kikipanda juu, vivyo hivyo. Mwisho mwambie atembee hatua 10, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Ukijumlisha mwendo mbaya, Hoffmann, vidole kujikunja pasipo mahali pake, unyayo, na umri uliozidi miaka 45, vitatu kati ya vitano vinatosha kutuma rufaa bila kusubiri. Mtu huyu shingo yake haivutwi, haikandamizwi, haialishwi. Anahitaji MRI na daktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo.

Hapa niseme la vinyozi. Kumkanda mteja mabega baada ya kunyoa ni jambo zuri. Kumshika kidevu na kisogo na kumgeuza ghafla mpaka shingo ialike ni jambo jingine. Mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo na kujikunja kwenye ile pete ya juu. Msokoto wa ghafla unaweza kuchana ukuta wake, damu ikaganda, kiharusi kikafuata. Hutokea mara chache sana, lakini kinachopatikana kwa kubahatisha hivyo ni mlio tu. Baada ya msokoto wa namna hiyo, maumivu mapya makali upande mmoja wa shingo, kuona vitu viwili viwili, kope moja kushuka, ulimi kuwa mzito au kupepesuka ni dharura.

Picha gani, lini

Maumivu yanayobaki shingoni kwa mtu asiye na dalili za hatari hayahitaji picha yoyote kwa wiki 6 za mwanzo. Mzizi uliobanwa bila udhaifu unaoongezeka, vivyo hivyo. MRI ni ya ugwe, ya udhaifu unaozidi, ya shaka ya TB au saratani, na ya mgonjwa anayefikiriwa kupasuliwa. Baada ya ajali, CT, yaani eksirei ya kompyuta, huona mfupa uliovunjika vizuri kuliko eksirei.

Pale ambapo eksirei ndiyo iliyopo, ya ubavuni ndiyo yenye maana zaidi, na kosa lake kubwa linajulikana: mabega huziba pingili ya saba. Hesabu pingili kwa kidole. Usipoiona ya saba na mwanzo wa ile ya kwanza ya kifuani, picha haijakamilika. Mikono ivutwe chini kuelekea miguuni, au mmoja uinuliwe juu, irudiwe. Ile pete na kijino chake huonekana kwa picha ya pili ya mbele, mdomo ukiwa wazi. Tazama pia kivuli cha nyama laini mbele ya pingili: kwa mtu mzima kisizidi kama milimita 6 mbele ya pingili ya pili, na 22 mbele ya ya sita. Kikizidi, kuna damu au usaha nyuma ya koo hata kama mfupa unaonekana mzima.

Tiba ya walio wengi

Shingo iliyokakamaa asubuhi baada ya kulala vibaya hupona yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki. Kitambaa cha maji moto dakika 15, kugeuza shingo kila upande mara 10 hadi pale maumivu yanapoanza (si kuyapita), mara tatu au nne kwa siku, na kuendelea na kazi. Kola ya shingo haina kazi hapa. Misuli huanza kulegea ndani ya siku chache za kutegemea kola, na kuitoa ndipo shida inapoanza.

Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 baada ya chakula, siku 5 hadi 7. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, moyo dhaifu au ujauzito asiiguse bila daktari, na asiyekuwa na hayo asiichanganye na diklofenaki, maana ni ndugu wa tumbo moja. Sindano ya diklofenaki haina nguvu ya ziada inayostahili foleni. Ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugonga mshipa mkubwa wa mguu na kumwacha mtu akiburuta unyayo. Diazepamu humfanya mtu alale, na akiizoea, kuiacha ni taabu. Kuhusu vile vidonge vya "kurutubisha mishipa ya fahamu": vingi vina B6 miligramu 100 na zaidi, wakati mwili unahitaji chini ya 2 kwa siku. Ukivimeza miezi na miaka, B6 hiyohiyo huleta ganzi miguuni.

Maumivu ya mzizi wa mshipa yanayokataza usingizi hujibu zaidi amitriptilini, miligramu 10 saa mbili kabla ya kulala, ikipandishwa hadi 25 baada ya wiki ikihitajika. Ni dawa ya kuandikiwa. Wenye matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya macho au mkojo unaoziba haiwafai. Kola laini inaweza kuvaliwa hapa wiki mbili tatu, kisha ipunguzwe saa kwa saa. Mgonjwa aambiwe wazi kwamba wengi wao hupata nafuu kubwa kati ya wiki 6 na miezi 3 bila kisu, kwa sababu kipande cha diski kilichotokeza mara nyingi mwili wenyewe hukiyeyusha. Maumivu hutangulia kuondoka. Ganzi ya ncha ya kidole huwa ya mwisho.

Mazoezi ndiyo tiba ya muda mrefu, na zoezi linaloharibiwa kuliko yote ni la kidevu. Lala chali, magoti yamekunjwa, kanga iliyokunjwa ya unene wa sentimita 2 au 3 chini ya kisogo. Itikia "ndiyo" kwa kichwa, polepole, kwa kiasi kidogo mno, kana kwamba unataka kutazama shingo ya shati lako. Kisogo kinateleza juu ya kanga, hakinyanyuki. Weka vidole pembeni ya shingo, kwenye ile misuli miwili mirefu inayotoka nyuma ya masikio kwenda kifuani: ibaki laini. Ikisimama kama kamba, umetumia nguvu mno, na misuli ya ndani unayoitafuta haifanyi kazi. Shikilia sekunde 10 huku unapumua, meno yasigusane. Mara 10, mara mbili kwa siku. Wiki ya kwanza wengi hufika sekunde 3 tu, si neno.

Wiki ya pili ongeza mabega. Kipande cha tyubu ya baiskeli kifungwe kwenye nondo ya dirisha, kivutwe kwa mikono yote miwili hadi viwiko vipite mbavu, mabapa ya mabega yakaribiane, mabega yasipande masikioni. Mara 12, raundi 3, siku tatu kwa wiki. Anayeacha baada ya siku 10 kwa kuwa hajaona tofauti ameacha mapema; shingo hudai wiki 6 hadi 8.

Kichwa kinachouma kuanzia kisogoni, upande uleule kila mara, kikaja mbele hadi jichoni, chaweza kuwa cha shingo. Inamisha kichwa cha mgonjwa kidevu kiguse kifua, kisha kigeuze: kawaida hufika karibu digrii 45, na kikigotea chini ya 33 upande mmoja, tatizo liko kwenye zile pingili mbili za juu na mtaalamu wa tiba ya viungo ana la kufanya.

Upasuaji ni wa ugwe uliobanwa vya kutosha kumtatiza mtu, wa udhaifu unaozidi, na wa maumivu ya mkono yaliyokataa tiba baada ya wiki 6 hadi 12. Hufanywa MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, na kwenye hospitali nyingine kubwa za rufaa za ukanda wetu. Njia iliyozoeleka ni ya mbele: mkato mdogo kwenye mkunjo wa shingo, diski inatolewa, kikapu kidogo kinawekwa, pingili mbili zinaungana. Kumeza kwa shida na sauti kukwaruza kwa siku kadhaa ni kawaida. Shingo kuvimba na pumzi kubana si kawaida, arudishwe mbio. Kwa mwenye ugwe, ahadi ya upasuaji ni kuzuia hali isizidi. Kilichopotea kwa miaka miwili hakirudi chote.

Kuhusu kazi: msusi apandishe kiti cha mteja, au naye akae, badala ya kuinamisha shingo saa sita. Fundi cherehani ainue meza kwa vipande vya mbao hadi kitambaa kifike usawa wa viwiko. Simu iinuliwe, na mto uwe mmoja, unaojaza nafasi kati ya bega na sikio kwa anayelala ubavu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji bila ndoo. Mwenye maumivu yanayoshuka mkononi asiibebe kichwani kabisa. Abebe dumu mbili za lita 5, moja kila mkono, na mkono unaouma ukikataa, dumu moja kwa safari mbili. Akimaliza wiki 8 bila ganzi na kidevu kikishikilia sekunde 10, aanze na lita 5 kichwani, na atakayemtwisha na kumtua awe mtu mwingine, kwa sababu shingo huumia zaidi pale mzigo unapopanda na unaposhuka kuliko njiani.